Sifuri si Pengo

Kadutu wananiita Mhesabu Mavi.
Siwakatazi. Ndiyo kazi yenyewe:
kila Jumamosi ya pili, kabla sijafunua cherehani,
nateremka Muhumba hadi ukingoni mwa ziwa
na kaye, na biki mbili (moja hugoma kwa baridi),
na futi yangu ya ushonaji,
ile ile inayozunguka viuno vya maharusi,
nikapime kinyesi cha fisi-maji juu ya mawe.

Fisi-maji. Jina limemwonea.
Hana kicheko cha usiku, hana deni la makaburi.
Ana koo lenye madoa meupe, wanasema,
na masharubu kama ya karani wa zamani.
Wanasema. Mimi sijamwona.
Miaka minne namsoma kwa alichokiacha:
vipande vya gamba la kaa, miiba, utelezi mweusi
unaonuka kama ziwa lililonuna.

Aliyenifundisha ni Zihindula, fundi wa redio,
mtu wa kuinama juu ya vitu vidogo.
“Kibichi, andika B. Kikavu, K.
Kilichogeuka unga, U, na usikipumulie.”
“Na nisipokuta kitu?”
“Andika sifuri. Sifuri nayo ni mnyama:
umeitafuta, umeikuta.”

Mawe yetu ni kumi na saba,
tumeyapa namba kwa rangi ya kucha.
La Nne limekaa chini ya ukuta wa tajiri
ambaye mbwa wake wananijua kwa jina.
La Tisa lilimezwa na msingi wa nyumba;
bado tunaliandika kila mwezi:
Jiwe la Tisa, zege.
Jiwe la Tisa, zege.
Na chupa zinapita, na ndala zisizo na wenzake,
zinaelea taratibu kuelekea Ruzizi
kuikaba mitambo koo,
na umeme ukikatika jioni
tunatukana kampuni. Chupa hatuzitukani.

“Wanakulipa ngapi?” anauliza mama mkwe.
Nauli ya pikipiki, mama.
Nayo ya kwenda tu.

Halafu zikaja wiki zile.
Kama unazijua, unazijua.
Tulilala sakafuni, godoro limesimama dirishani,
cherehani nimeivika blanketi kama mgonjwa,
na Jumamosi ya pili ikapita,
na nyingine ikapita,
hakuna aliyeshuka ziwani kwa hiari.

Niliporudi nikakuta kayeni safu mbili nyeupe.
Mkono ukatamani sifuri,
duara dogo safi, lingejaza kisanduku,
lingefunga mwaka bila aibu.
Zihindula akanizuia kiwiko.
Alikuwa amekonda; shati lake nilishone upya.
“Sifuri inasema yeye hakuja.
Ni sisi ambao hatukuja.
Usimsingizie. Acha pengo.”

Tukaacha pengo.
Tukaenda jiwe kwa jiwe bila kuongea,
La Kwanza sifuri, La Pili sifuri,
La Nne mbwa tu, wamebaki wawili,
hadi La Kumi na Mbili, pale penye mizizi ya mvumu,
na hapo nikapiga magoti.
U. Na U nyingine. K. K.
Na pembeni, inang'aa, ina unyevu,
nusu ya mkono wa kaa umechomoza katikati yake:
B.
Alikuwa akija.
Milango yetu yote imefungwa, yeye akija,
akila, akipanda jiwe, akishuka,
hana habari na safu zetu.

Nilipima mara mbili, mkono haukutulia.
Sentimita sita na nusu.
Zihindula akageuka kutazama ziwa
kwa muda mrefu kuliko ziwa lilivyohitaji.

Jumatatu bibi harusi wa Nyawera
akainua mikono nimpime kifua,
akakunja pua.
“Dada Ntakwinja, futi hii ina harufu gani?”
Nikamwambia: themanini na sita.
Geuka.